Aliyeanguka kwa Kukosa Mzigo

Vijana wa idara ya mazoezi ya viungo mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Nilicheka, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa na watu waliokwisha kusahau, na ninavyojua mimi, anayeanza kusahau ndiye wa mwisho kupata habari. Basi naandika sasa. Vyeo nitaviruka, vilikuwa vichache. Mshahara mnaujua, ni uleule mnaounung'unikia kila mwisho wa mwezi. Nitaandika juu ya wazee wanaoanguka, na hasa juu ya mmoja, pamoja na mkwe wake, kwa maana katika miaka yote ya kazi sijaona mtu aliyemtunza mzee kama yule mama alivyomtunza mama mkwe wake.

Nilifika Moshi katikati ya miaka ya themanini, kijana wa Kipare mwenye cheti kipya na suruali moja ya heshima. Hospitali ilikuwa na shida ya kila kitu. Sabuni ilikatwa kwa uzi ili itoshe wodi mbili. Chumba chetu cha mazoezi kilikuwa na vitanda viwili, reli mbili za chuma za kushikia mgonjwa anapojifunza kutembea, na mifuko ya mchanga iliyoshonwa kwa kitambaa cha kaki. Magongo yalichongwa karakana, na chini yake fundi alipigilia vipande vya tairi la lori ili yasiteleze. Ninyi mnaofungua maboksi ya vifaa kwa mkasi hamwezi kujua raha ya kupata tairi bovu.

Mkuu wa idara alikuwa mtawa, Sista Benigna, mwanamke mfupi aliyetembea kwa kasi kana kwamba kuna mtu anamdai jibu. Aliniangalia kuanzia viatuni.

"Wewe ndiye Mpare?"

"Ndiyo, Sista."

"Vizuri. Mpare hauachi ugomvi mpaka ashinde. Hapa nina magoti yanahitaji mtu wa namna hiyo."

Asubuhi hiyohiyo alinipa mzee aliyeumia bega. Nikaanza kuunyanyua mkono wake polepole kama nilivyofundishwa chuoni. Sista akasimama nyuma yangu.

"Alianguka wapi?"

"Nyumbani, Sista."

"Nyumbani si mahali. Nyumbani kuna kitanda, kuna jiko, kuna zizi, kuna njia ya chooni. Alianguka wapi?"

Mzee mwenyewe alisema amesahau. Sista akanituma nimsindikize hadi kwake mlimani, nikaone. Nikakuta mzee huyo huvuka mfereji wa maji ya kumwagilia, ule Wachagga wanaouita mfongo, juu ya gogo lililooza upande mmoja. Alikuwa hajasahau lolote. Gogo lilikuwa la jirani, na hakutaka kumsema jirani hospitalini. Wanawe wakaweka gogo jipya walilolichonga juu likawa bapa, na mzee hakurudi tena kwetu isipokuwa kusalimia. Sista hakunisifu. Aliniuliza tu kama nilipewa supu ya mtori. Tangu siku hiyo nikashika amri yake, nami nawaachia ninyi: msimwambie mgonjwa aeleze alivyoanguka, mwambieni awaoneshe alipoangukia. Mdomo una heshima nyingi mno, lakini mahali hapana aibu.

Kisha nchi ikafungua milango, bidhaa zikaingia, na wazee wakaanza kuanguka kwa namna mpya. Msicheke, nasema niliyoyaona. Viatu vya mitumba vilijaa sokoni, na babu aliyetembea pekupeku maisha yake yote akavalishwa raba kubwa kuliko mguu, kamba zinaburura. Bei ya kahawa ikaanguka, watu wakang'oa mibuni, na visiki vikabaki vikiwasubiri bibi waliozoea kupita hapo macho juu. Maduka ya dawa yakafunguliwa kila kona, na vidonge vya usingizi vikanunuliwa kama peremende. Watoto waliokwenda Dar es Salaam kufanya biashara wakawajengea wazazi nyumba nzuri zenye sakafu ya marumaru, wakaisugua ing'ae kwa ajili ya Krismasi, ambapo Wachagga wote wa dunia hurudi nyumbani. Wenye baa walivuna Desemba. Sisi wa mazoezi tulivuna Januari.

Bibi Aikaruwa aliletwa kwetu kutoka Marangu katika miaka hiyo, kifundo cha mkono kimevunjika na kimefungwa plasta, na jicho moja limevilia damu. Aliyemleta ni mkwe wake, Mama Elinami, mke wa mtoto wa mwisho. Kwa Wachagga mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba cha wazazi, yaani lile shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, na anayebaki na kihamba hubaki na mama. Mumewe, Anaeli, alikuwa mpagazi wa kupandisha mizigo ya watalii mlimani, leo yupo, kesho yuko juu kwenye baridi. Kwa hiyo aliyebaki na mama hasa alikuwa mkwe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni Mpare, Bibi."

Uso wake wote ukachangamka. "Mpare! Umeshamuuza ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, Bibi?"

"Wa kuendeshea kesi ya kuku!"

Akacheka mpaka machozi. Utani huo tunaujua, kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na sisi tuna wetu juu yao. Nikacheka. Baada ya kitambo kidogo akanigeukia. "Wewe ni wa wapi?" Nikamwambia. "Mpare! Umeshamuuza ng'ombe?" Ndivyo tulivyokwenda asubuhi nzima. Mimi mara ya nne nilikuwa nimechoka, nacheka kwa meno tu. Nikamtazama Mama Elinami, ambaye bila shaka alikuwa amesikia mambo ya namna hiyo kila siku ya Mungu, naye alikuwa anacheka kicheko kamili, kama mtu anayeusikia utani huo kwa mara ya kwanza. Nikajionea aibu, nikacheka upya.

Tulipomaliza alimkalisha mama kwenye benchi, akanivuta pembeni. Mikono yake ilikuwa imejaa michano ya majani.

"Dokta, naomba unisaidie." Mimi si daktari, lakini mlimani kila mwenye koti jeupe ni dokta, na nimeshaacha kubisha. "Mama anaanguka sana. Majirani wanasema nampiga. Wanamwona uso umevimba, na yeye akiulizwa nani kakupiga, anasema hajui. Si amesahau! Maneno yamefika Dar kwa shemeji yangu Godlisten. Amesema Krismasi anakuja na gari, anamchukua."

"Na wewe hutaki aende?"

"Ataishije kule? Hapa kwake amesahau majina yetu, lakini njia ya zizini anaijua. Kule atakufa akitafuta mlango. Na mimi nitabaki hapa na jina la mkwe aliyempiga mama." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Jina nitalivumilia. Lakini mama asiende."

Niliahidi kupanda. Ilikuwa imebaki miezi michache kufika Krismasi, na kuanguka kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau si jambo la kukomesha kwa kidonge kimoja.

Nilipofika Marangu nilifanya kama Sista alivyonifundisha. Niliangalia kitanda, kilikuwa juu mno, tukakikata miguu. Ndala zake zilikuwa zimelika zikawa nyembamba kama kaukau, tukazitupa. Nilimpima akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, nikaona presha ya damu inashuka anapoinuka kwa ghafla, nikamfundisha mkwe amkalishe kwanza ukingoni mwa kitanda. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho. Kulikuwa na vidonge vya usingizi alivyoleta Godlisten kwa nia njema, na daktari wetu alipoviona akaagiza vipunguzwe mpaka viishe. Kuna wiki moja Bibi alianza kuweweseka na kuanguka kila alipoinuka. Mama Elinami akaleta habari haraka, ikaonekana ni maambukizi ya mkojo. Alipotibiwa akatulia. Yashikeni haya, vijana. Mzee akibadilika ghafla, msiseme ni uzee tu. Uzee hauji Jumanne.

Yote hayo yalisaidia, lakini Bibi aliendelea kuanguka. Nikamwomba mkwe anioneshe anapoangukia, naye akanipa jambo ambalo sijawahi kupewa na mtu mwingine yeyote. Kila mahali Bibi alipoanguka, mkwe alikuwa amechomeka kijiti cha mbuni. Hakuambiwa na mtu. Alisema alitaka aone kama kuna shimo au jini.

Tukazunguka kihamba chote. Vijiti vilikuwa uani, pale palipofagiliwa pakawa tambarare. Vingine vilikuwa kwenye maua kando ya baraza ya nyumba mpya aliyoijenga Godlisten. Lakini njia ya kushuka zizini, yenye mteremko, matope na majani ya migomba yanayoteleza, ambayo mimi mwenyewe niliishuka nimeshika migomba kama mlevi, haikuwa na kijiti hata kimoja.

"Huku huwa hapiti?" niliuliza.

"Siku hizi hapiti sana. Lakini zamani alipita kila siku, na hakuanguka."

Nilirudi mjini nikiwa sielewi. Mtu anayeanguka uani na haanguki mteremkoni, hayumo katika kitabu chochote nilichosoma.

Plasta ilipotolewa na mkono ukapata nguvu, kikafika kifaa kutoka Dar. Godlisten alikuwa ametuma kwa basi fremu ya kutembelea, ya chuma, inang'aa, miguu minne yenye raba halisi. Fundi wetu wa karakana aliizunguka akiipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Niliipandisha Marangu nikiwa na furaha, nikamsimamisha Bibi uani mbele yake.

"Bibi, unashika hapa. Unasogeza. Halafu hatua."

Bibi aliitazama kwa heshima. "Ni yangu?"

"Ni yako, Mama," mkwe akajibu. "Ameleta Godlisten."

"Aika, mbe," akaniambia, yaani asante, bwana. Kisha akavua kanga ya begani, akaisokota, akaizungusha ikawa ngata, akaiweka kichwani. Kabla sijajua anafanya nini, akachuchumaa, akainyanyua ile fremu, akaitua juu ya ngata, miguu minne ikiangalia mbinguni, akaondoka.

Bibi Aikaruwa, ambaye dakika chache nyuma aliyumba kutoka kwenye kiti, alikwenda amenyooka kama mlingoti. Alishuka ile njia ya matope kwa hatua fupi, zilizotulia, mkono mmoja juu, mwingine ukipima hewa. Tukamkimbilia, na wa kuteleza nilikuwa mimi. Tulipomfikia alikuwa ameitua fremu mbele ya ng'ombe na anamwambia ale. Ng'ombe aliinusa, kisha akatutazama sisi, kana kwamba tueleze.

Mama Elinami alishika mdomo akacheka. Halafu kicheko kikageuka, akakaa kwenye jiwe, akalia.

"Tulimkataza," alisema. "Mama amebeba majani ya ng'ombe tangu usichana. Godlisten alipopata maisha akasema basi, mama asibebe tena kitu, watu watasema watoto wana pesa na mama yao anabeba majani. Tukamnyang'anya ngata. Tulimheshimu, dokta. Na msimu uleule ndipo alipoanza kuanguka."

Nilikaa naye kwenye lile jiwe tukaongea mpaka nikaelewa. Mwenye mzigo kichwani hainamishi kidevu, haburuti mguu, hageuki ghafla. Mwili wa Bibi ulikuwa umejifunza kutembea hivyo miaka na miaka, na mwili ulikuwa haujasahau. Lakini kulikuwa na zaidi. Bila mzigo, Bibi aliinuka kwenda mahali, akasahau katikati ya uwanja anakwenda wapi, akageuka kutafuta, akaanguka. Akiwa na majani kichwani hakuhitaji kukumbuka, kwa sababu majani yana kwao. Mzigo ndio uliomkumbusha safari.

Nilipomweleza Sista Benigna, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia kustaafu, alinisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo umemwandikia nini?"

"Majani, Sista."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Kabla ya chakula au baada?"

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akitania, na hata sasa sina uhakika kama alitania.

Tulianza taratibu. Nilimpima shingo, daktari akaridhia. Mzigo ulikuwa wa majani makavu, mkubwa kwa macho na mwepesi kama mto wa kulalia. Mkwe alitembea hatua moja nyuma, upande wa bondeni. Likazuka swali la kurudi: akishatua majani, anarudije bila mzigo? Hilo alilijibu Mama Elinami mwenyewe. Aliweka zizini kikapu chenye ndizi chache, na kila Bibi alipotua majani alimwita mae, yaani mama, akamwuliza, "Mae, na hizi za jikoni?" Bibi akazibeba hadi jikoni akinung'unika kwamba watu wa nyumba hii bila yeye wangekufa njaa. Vijiti vipya uani vikawa vya nadra, halafu vya nadra sana.

Na hapa ndipo nataka muelewe ushujaa wa yule mama. Jina lake halikusafishika. Liliharibika zaidi. Majirani waliosema anampiga mama mkwe, sasa walimwona kwa macho yao akimtwika mzigo. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja, na tazama limekuja. Kanisani akina mama walimsogelea kwa maswali yenye miiba. Angeweza kumfungia Bibi ndani na kumtembeza kwa siri. Hakufanya. Kila asubuhi alimtwika palepale uani, barabara ikiona, akajibu salamu za wapitao kwa sauti ileile. Mimi nisingeweza. Mimi ningeuza ng'ombe nikafungua kesi.

Krismasi ikafika, na Godlisten akafika, mtu mnene mwenye sauti, muuza vipuri vya magari. Siku ya pili yake aliita ukoo, na Mama Elinami akaniomba nihudhurie. Uani kulikuwa na viti vya kukodi, nyama ya mbuzi, mbege, ile pombe ya ndizi, ikizunguka katika kata. Bibi alikaa kwenye kochi lililotolewa nje, amevaa gauni jipya, anawasalimu wanawe kama wageni. Anaeli, aliyeshuka mlimani siku ile, alisimama nyuma ya mkewe.

Godlisten hakunitukana. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenitukana. Alisimama akasema, "Mama yangu alishuka mpaka tambarare kutafuta majani, akapanda nayo mlima mzima. Nilimwona. Nikiwa mtoto niliapa nikipata, mama hatabeba tena. Nimepata. Halafu naambiwa hospitali imeagiza abebe, na shemeji yangu ndiye anayemtwika. Kesho naondoka naye."

Wapo watu ambao mzigo wa mwenzao kwao ni kanda la usufi. Godlisten hakuwa mmoja wao. Alikuwa anaujua uzito wa ule mzigo, na kila alichosema kilikuwa kweli. Nilisimama na maelezo yangu yote ya kidevu na hatua, nikaona hayafai kitu, nikakaa.

Bibi ndiye aliyeinuka. Labda kelele zilimchosha. Alitoka kwenye kochi, akapiga hatua katika uwanja uliofagiliwa, akasimama, akatazama huku na huku, akageuka, na goti likakunjika. Godlisten na Anaeli wakamdaka kabla hajafika chini. Watu wakaguna. Mama Elinami aliingia jikoni, akatoka na ngata ya jani kavu la mgomba na mzigo uleule mwepesi. Mbele ya ukoo mzima, mbele ya majirani waliojipanga kwenye ua, alimwekea mama mkwe ngata kichwani, akamtwika, akarudi hatua moja nyuma.

Bibi Aikaruwa akaondoka. Watu walivuta viti kumpisha. Alipita katikati yao amenyooka, akaikamata njia ya mteremko, na Godlisten akamfuata ameitandaza mikono yote miwili kama mtu anayefukuza kuku. Alikuwa na viatu vya mjini. Alipofika penye majani ya migomba miguu ikamtoka, akakaa chini kwa kishindo katika matope.

Bibi alisikia. Akasimama, akageuka polepole, mwili mzima kwa pamoja, kama anavyogeuka mwenye mzigo. Akamtazama.

"Wewe ni kijana wa nani?"

"Ni mimi, Mama. Godlisten."

"Godlisten yuko shule," alisema Bibi. "Majani haya ndiyo ada yake." Akamwangalia vizuri kuanzia juu mpaka chini, kwa huruma. "Na wewe unatembeaje bila mzigo? Lazima uanguke."

Akaendelea zake zizini. Walioanza kucheka walinyamaza walipoona kwamba yule mtu mnene amekaa kwenye matope na analia kama mtoto. Hakuna aliyemwinua mpaka alipoinuka mwenyewe. Alikwenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea shemeji yake kwa mikono miwili. Jani hilo Mchagga anapolileta ameomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Mama Elinami alilipokea. Halafu akamwuliza kama ameumia, akamletea maji ya kunawa.

Godlisten aliondoka bila mama. Kabla ya hapo alishinda asubuhi nzima akikata majani, na nilisikia aliyakata vibaya.

Sitaki mfikiri kwamba Bibi hakuanguka tena. Alianguka. Ugonjwa ule haurudi nyuma, unakwenda mbele tu, na kazi yetu ni kuusindikiza kwa adabu. Wala msiende kumtwika kila mzee mnayemkuta. Nilijaribu kwa babu mmoja aliyekuwa karani maisha yake yote, akanifukuza kwa fimbo, na alikuwa na haki. Kwa huyo tulichohitaji ni mkoba. Tafuteni kila mmoja mwili wake unakumbuka nini, na kabla ya kumpunguzia mzee kitu kwa heshima, ulizeni kwanza kile kitu kilikuwa kinamshikilia nini.

Bibi alibeba kwa miaka kadhaa, mzigo ukipungua mwaka hadi mwaka, mpaka ukawa shada la majani ambalo hata ng'ombe aliliona ni mzaha. Mwishoni akawa hainuki. Mama Elinami alimgeuza kitandani asubuhi na jioni, na sikuona kidonda hata kimoja mgongoni mwake, jambo ambalo wodini kwetu, pamoja na makoti yetu meupe, hatukuliweza kila mara. Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho alinong'ona kitu. Nikainama. "Umeshamuuza?" aliniuliza. Nikamwambia bado, Bibi, namtafutia bei.

Alifia katika kitanda chake, kile tulichokikata miguu. Tulimzika kihambani, chini ya migomba, na Godlisten ndiye aliyetangulia kushika jeneza. Watu walikuwa bado hawajatawanyika kaburini wakati ng'ombe alipoanza kulia zizini, kwa kuwa siku ile katika msiba hakuna aliyemkumbuka. Ng'ombe hajui msiba. Nikamwona Mama Elinami anajitoa katikati ya wanawake, anapotea nyuma ya nyumba. Kitambo kikapita, akatokea kwenye migomba na mzigo mkubwa wa majani mabichi kichwani, amenyooka, hatua fupi, na kwa mbali moyo wangu ulishtuka kwa sababu nilidhani ni Bibi mwenyewe.

Akina mama wakamkimbilia, wale walewale wa maneno ya zamani. "Mae, tua! Leo si siku ya kubeba. Tupe sisi, wewe kaa upumzike."

Hakusimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa juu.

"Niacheni nao," alisema. "Nikiutua nitaanguka."

Tukampisha njia.